Bangili ya Mama Mkwe

Jumamosi, 1 Machi

Likizo imeanza. Siku kumi na sita! Funguo za stoo ya shule nimemwachia msaidizi wangu, ambaye hajui hata chaki zinakaa rafu gani. Shauri yake. Mke wangu ametabiri kwamba nitalala kwenye kochi mpaka kochi lichoke. Amekosea. Mwaka huu nina mpango.

Mpango wenyewe ni mapambo ya bei nafuu. Hereni, pete, mikufu. Malighafi tele: nyaya za shaba, vifungo vya makoti ya zamani, minyororo iliyokatika. Unaunganisha kwa lehemu, unasugua, unauza. Wanawake wa mtaa huu wana masikio mangapi? Nilianza kuhesabu nikaishia njiani kwa furaha.

Nimeazima pasi ya kulehemu kwa fundi redio wa pale kona. Aliniuliza kama kazi hii naijua. Nikamjibu kwamba mikono yangu ilizaliwa nayo. Akaitazama mikono yangu. Alinikatia lehemu kipande kirefu, akanipa na bonge la ulimbo la kuchovyea pasi, akanionya nisiuvute moshi wake. Nimeuvuta ndani ya dakika tano. Nimekohoa hadi chakula cha mchana.

Mke wangu amesema meza ya chakula si karakana. Nimemwambia ataijua thamani yangu siku si nyingi. Akasema anaisubiri tangu tuoane.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Ni mwanyumba. Yeye kamwoa mdogo wa mke wangu, na ni sonara. Sonara hasa, mwenye duka la vioo na taa ndani ya kabati. Tukikutana ukweni, yeye watu humwuliza habari za dhahabu. Mimi huniuliza kama shule zimefunguliwa.

Jumapili, 2 Machi

Siku ya kwanza ya uzalishaji. Hereni moja. Moja, si jozi.

Tatizo ni hili: hereni yangu ina viungo viwili. Nikilehemu cha juu, kinashika. Nikija cha chini, moto unapanda, cha juu kinaachia. Nikirudi cha juu, cha chini kinadondoka. Nimefanya hivyo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Sikio la hereni limeangukia mguuni likiwa la moto. Nimeruka. Jirani wa juu kagonga sakafu.

Nikarudi kwa fundi redio. Akasema kiazi. Chomeka kile kiungo cha kwanza ndani ya kiazi kibichi, kiazi kitaumeza moto, kiungo hakitasikia kitu. Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe kweli! Hereni imekamilika saa tisa. Imeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza ya jirani. Nimeipenda.

Mke wangu kakuta viazi tisa vimetobolewa, kimoja kimevaa hereni. Amepika wali.

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amewasili. Namwogopa, niseme ukweli. Miaka kumi na tano hajawahi kuniomba hata glasi ya maji. Akitaka msumari upigwe ukutani, atangoja mpaka sonara aje. Mimi huniita "baba watoto", na nisipokuwepo huniita "yule".

Kaja kwa sababu shemeji yangu, mke wa sonara, anasafiri tarehe 16. Anakwenda masomoni mbali, miaka miwili. Jumamosi ya tarehe 15 kutakuwa na chakula cha kumuaga, hapa kwetu.

Jioni sonara na mkewe walikuja kusalimia. Aliiona meza yangu. Niliomba aipite. Hakuipita. Aliinyanyua hereni, akaizungusha taratibu, akairudisha palepale, akasema kazi hii ina mkono wake, mwanyumba. Nimekaa na maneno hayo mpaka chai ikapoa. Ni sifa au kanichamba?

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa.

Mke wangu alipokwenda kazini, mama mkwe aliniita uani. Alikuwa na kitambaa mapajani. Akakifungua. Bangili! Ya fedha, pana, imechongwa majani kuizunguka. Marehemu baba mkwe alimvisha mwaka waliooana. Sasa bawaba yake imevunjika, haifungi. Anataka kumpa binti yake mdogo Jumamosi, mbele ya wote, aende nayo huko aendako.

Nilijua linalofuata: nimpelekee sonara. Lakini hapana! Sonara akiiona, alisema, mkewe atakuwa ameijua kabla ya chakula cha jioni, maana yule binti hafichwi kitu na mumewe. Kisha akashusha sauti. Akasema amesikia nafanya kazi hizi siku hizi. Akasema: mwanangu, nakuachia wewe.

Mwanangu! Niliipokea kwa mikono miwili nikapiga goti bila kukusudia.

Basi mambo ni wazi. Bangili ikifika salama Jumamosi ijayo, tarehe 15, mimi ni mkwe katika nyumba ile. Isipofika, mimi ni yule mpaka nizikwe.

Jumatano, 5 Machi

Bawaba imeshika! Kwa mara ya kwanza! Viazi viwili tu.

Ila kuna donge. Bangili ina rangi yake tulivu ya miaka mingi, na katikati limekaa donge la lehemu linalong'aa kama jino la bandia. Nimelipiga tupa. Likazidi kung'aa. Mtu angeliona kutoka barabarani.

Fundi redio kasema dawa ni yai. Chemsha yai, liponde likiwa bado la moto, tia ndani ya kopo pamoja na kitu chako, funga kifuniko. Ule mvuke wake hufifisha mng'ao. Nikamwuliza kwa muda gani. Akasema muda wa kuvuta sigara moja. Mimi sivuti, kwa hiyo kipimo hicho hakinisaidii. Nimetia mayai matatu, nimefunga kopo kwa gundi ya karatasi. Nitafungua kesho. Kazi nzuri haitaki papara.

Mke wangu kauliza mayai yako wapi. Nimesema nimeyala. Kauliza na maganda? Nimesema na maganda.

Alhamisi, 6 Machi

Nyeusi!

Nyeusi ti! Nyeusi kama tako la sufuria. Bangili nzima, ndani na nje. Mahali pamoja tu hapakubadilika: lile donge. Limebaki jeupe vilevile, halina hata haya.

Nimesugua kwa sabuni. Nimesugua kwa brashi ya viatu. Brashi imekwisha, weusi upo. Nikaketi sakafuni chini ya meza na kopo mapajani. Mama mkwe alipita akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema natafuta bisibisi.

Kisha, palepale chini ya meza, akili ikanijia. Fedha ya kweli haiwezi kuwa nyeusi. Nani kawahi kuona fedha nyeusi? Kwa hiyo hii si fedha! Marehemu baba mkwe aliuziwa mbuzi kwenye gunia na tapeli wa zamani zake, na mjane wake kavaa bati miaka yote akijivuna. Na mtu pekee duniani anayeijua siri hiyo ni mimi. Nilimwonea huruma marehemu. Machozi yalinilenga. Nilijiona mtu mzima kuliko wote humu ndani.

Basi nimeamua kumsitiri. Nitatengeneza bangili nyingine, nzuri kuliko ile, asijue maisha yake yote. Na ushahidi lazima upotee. Nimechukua msumeno wa chuma nikaikata vipande sita. Imekatika kilaini, kama inayokubali.

Ajabu ni kwamba vile vipande vimependeza. Majani meusi yaliyochongwa, kila kimoja cha kutosha sikio. Vipande sita ni jozi tatu.

Mchana sikuwa na hamu ya chakula. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Machi

Bangili mpya tayari. Nyaya tatu za shaba zilizosukwa, juu nimezipaka lehemu nzima nzima mpaka shaba ikafichika. Inang'aa hatari. Majani nimeyachora kwa ncha ya msumari. Yamefanana na samaki, lakini samaki wenye heshima. Nimeitia ndani ya boksi, nimelifunga karatasi, utepe, na gundi kila upande. Nikamwambia mama mkwe kazi imekwisha, nitalikabidhi mwenyewe siku yenyewe. Akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mwepesi lakini nimeusikia mpaka jioni.

Na biashara je? Imelipuka! Mwalimu Mkuu, mama ambaye ni bosi wangu mwenyewe, alipita kuulizia daftari la stoo. Akaziona hereni nyeusi. Akanunua palepale, akazivaa, akasahau daftari. Jozi ya pili kachukua jirani fundi cherehani. Zile zangu za nyaya hakuna aliyezigusa, lakini huo ni ushamba wao.

Jozi ya tatu nimempa mke wangu. Alinitazama kwanza, kama anayengoja kichekesho. Nilipomwambia ni zako, alikwenda kwenye kioo. Akarudi. Akaenda tena. Akauliza kama ninajua ni lini nilimpa zawadi mara ya mwisho. Nilijua. Amepika nazo masikioni, akiimba.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu anasema shangazi zake wawili wamemsifia hereni. Mimi kichwa kimevimba hadi kofia inabana. Nimechora kibao cha duka. Chini ya jina langu nimeandika "Fundi wa Mapambo Asilia". Nimeongeza "na Mshauri". Ushauri wa nini nitaamua baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa. Sitapunguza.

Saa nne asubuhi sonara alibisha hodi. Mke wangu kazini, mama mkwe kalala chumbani. Nilimkaribisha kwa mbwembwe, nikasogeza kile kibao akione. Hakukiangalia. Aliketi, akatoa karatasi mfukoni, akaifungua juu ya meza.

Hereni yangu. Nusu nyeusi, nusu nyeupe pe.

Akasema Mwalimu Mkuu kaja dukani kwake Jumamosi, ndoano ya hereni imechomoka. Yeye kaichukua kuitengeneza, kaifuta kidogo kwa kitambaa chake cha kusugulia. Weusi ukatoka. Chini yake ni fedha, tena safi. Alieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: fedha ikipata mvuke wa yai hugeuka nyeusi, kila sonara anajua, na kitambaa na dakika tano hurudisha mng'ao wake. Ndivyo fedha ilivyo.

Dakika tano! Na kitambaa!

Kisha akaweka kidole kwenye majani. Akasema majani haya anayajua. Aliyaona mkononi mwa mama siku alipokwenda kuposa. Alikuwa na woga siku hiyo, hakuweza kuutazama uso wa mama, akawa anatazama bangili.

Nilitamani sakafu ifunguke, na kama haifunguki basi angalau meza inifunike tena. Nilianza kusema habari za tapeli wa zamani. Sentensi haikufika mwisho. Nililia. Nimeona aibu kulia mbele yake, nikaona aibu kubwa zaidi kwamba alinipa leso, nayo ilikuwa imepigwa pasi.

Hakunikaripia. Angalau angenikaripia! Aliuliza tu: vipande vingine vitano viko wapi? Nikamwambia. Akasema nimletee vyote kufikia Jumatano. Ataviyeyusha viwe kitu kimoja, ataongeza fedha yake mwenyewe mahali pa ile iliyoliwa na msumeno, ataichonga upya. Nikamwuliza atawaambia nini watu. Akasema yeye hatasema kitu. Akasema kusema ni juu yako, mwanyumba.

Hilo limeniunguza kuliko pasi.

Jumanne, 11 Machi

Mzunguko wa aibu.

Nilianza kwa Mwalimu Mkuu, shuleni, ofisini. Nilimwambia jozi ile imegundulika ina hitilafu ya kiufundi na ninairejesha yote kiwandani. Aliuliza kiwanda kipi. Nikasema changu. Akaivua ile iliyobaki sikioni, akaiweka juu ya meza. Kisha akauliza kama na stoo yake inaendeshwa namna hii. Msaidizi wangu alikuwa mlangoni. Alisikia.

Fundi cherehani ndiye kiboko. Alikataa katakata. Alisema kazivaa kanisani, zimemfaa, na mali ikishauzwa imeuzwa. Nikarudisha hela. Hakuzitaka. Nikampa jozi mbili za nyaya kama nyongeza. Akacheka hadi mashine ikasimama. Mwishoni alikubali kwa sharti kwamba nimkatie vitambaa vya sare kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, nimeketi nje mbele ya mlango wake, mtaa wote unapita. Mtaa wote umepita. Wengine walirudi mara ya pili.

Nina vipande vinne, na kile kimoja kiko kwa sonara. Viwili vimebaki masikioni mwa... hapana. Nimehesabu vibaya. Cha Mwalimu Mkuu kimoja, vya fundi cherehani viwili. Nina vitatu. Kimoja kwa sonara. Viwili kwa mke wangu.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu huvua hereni anapokwenda kuoga. Huziweka kwenye kisahani kando ya kitanda. Nimezichukua. Kalamu inagoma hapa, lakini ndivyo ilivyokuwa: nimemwibia mke wangu zawadi niliyompa mimi.

Ningeweza kumwambia. Mlango wa bafu ulikuwa hatua sita. Nilifika hatua ya nne nikasikia anaimba, nikarudi.

Alipotoka alitazama kisahani. Akatazama chini. Akakung'uta shuka, akavuta kitanda, akafagia, akazipekua taka kwa vidole. Kazini kachelewa. Mimi nilimsaidia kutafuta! Nilipiga magoti nikaangalia chini ya kabati, na hereni ziko ndani ya soksi yangu zinanichoma kifundo cha mguu.

Mwishoni alikuja akasimama mbele yangu, macho mekundu. Akaniomba msamaha. Yeye! Alisema zawadi ya kwanza baada ya miaka yote, na hajaweza kuitunza hata wiki. Nikamwambia asijali, ni vitu vya bei rahisi. Akasema hakuwa anazungumzia bei.

Nimevipeleka vipande kwa sonara. Nilipovua kiatu dukani kwake kutoa hereni kwenye soksi, kulikuwa na wateja wawili. Sijawahi kujichukia kama leo.

Ijumaa, 14 Machi

Bangili imekuwa bangili. Majani yaleyale, bawaba inafunga kwa mlio mdogo mzuri, donge hakuna. Niliigeuza mara kumi nikitafuta kasoro, na nikiri kwamba nilitaka niione. Sikuiona. Mwanyumba macho yamemvimba kwa usingizi na kidole gumba kimefungwa bendeji. Kafanya hivyo kwa ajili ya mama mkwe, si kwa ajili yangu, lakini hakunikumbusha.

Nikamwambia nitakulipa. Akasema nenda ukaseme.

Nitasema. Kesho, mbele ya wote, kabla utepe haujafunguliwa. Nimeandika maneno yenyewe kwenye karatasi na nimeyakariri. Bangili ya shaba nimeipinda nikaitupa. Naapa hapa kwa sahihi yangu kamili, pamoja na ile mistari miwili ya chini ninayoweka kwenye hati za stoo.

Jumamosi, 15 Machi

Watu kumi na wanne. Viti havikutosha, nikakalia ndoo.

Baada ya chakula mama mkwe alisimama. Alilipokea boksi kutoka kwangu. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, maneno yako mdomoni, nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Lakini yeye akaanza kwanza. Alisema bangili hii alivishwa na mumewe, ikavunjika, naye akawa na huzuni. Akasema alimpa mtu mmoja aitengeneze, mtu ambaye yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, hakumpa nafasi anayostahili. Na huo ulikuwa upungufu wake yeye, alisema, si wa huyo mtu. Kisha akaninyooshea mkono. Akasema mkwe wangu huyu.

Wakapiga makofi. Wote! Mke wangu akapiga kwa nguvu kuliko wote, masikio yake matupu.

Nilisimama. Ndoo ikaanguka. Nikafungua mdomo. Nikasema: nashukuru, mama, ni kazi ndogo tu.

Ndogo!

Mwanyumba aliangalia ndani ya kikombe chake kwa muda mrefu sana kwa kikombe kisicho na kitu. Mjomba mmoja akamwuliza, kwa kumtania, kama na yeye angeiweza kazi safi namna hii. Alisema hapana, aliyoyafanya mwanyumba kwenye bangili hii yeye asingeyaweza. Watu wakacheka kwa furaha. Mimi nilicheka pia. Nilicheka! Hilo ndilo litakaloniua.

Shemeji kaivaa, kamkumbatia mama yake, wakalia wote wawili. Karatasi yangu imeloa jasho, haisomeki tena.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi mama mkwe aliniita uani. Palepale pa siku ile.

Alisema jana, alipomvisha binti yake, alipitisha kidole gumba upande wa ndani. Ni mazoea yake, hufanya hivyo kila siku. Akakuta pako laini. Akauliza: zile alama ziko wapi, mwanangu?

Alama gani?

Basi akanieleza. Mke wangu alipokuwa akiota meno alikuwa akiing'ata bangili ile, mkononi mwa mama yake, mpaka ikaingia vishimo. Miaka sita baadaye akaja mdogo wake, naye akaing'ata, kando kidogo tu ya alama za dada yake. Marehemu alitaka kuzisawazisha. Yeye alikataa. Akasema fedha mtoto wake anaweza kununua popote, huko aendako wanauza. Alichotaka aende nacho ni yale meno, yake na ya dada yake, yamekaa pamoja, ayapapase akiwa mpweke.

Hakuwa na hasira. Tulikuwa wawili tu. Alinitazama kama anayengoja, na naamini kabisa ningesema wakati ule angenisamehe. Kila kitu kilikuwa tayari. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo.

Nikafungua. Nikasema: nilizisawazisha, mama. Nilidhani ni kasoro.

Nikaongeza kwamba sikutoza chochote.

Alikikunja kile kitambaa kitupu mara nne, akakitia kwenye mkoba. Akasema ahsante, baba watoto.

Nimejifungia chooni saa nzima. Sina pa kuuficha uso. Mwanyumba kaunguza kidole, mke wangu kalilia hereni, mama mkwe kasimama mbele ya watu kumi na wanne akajilaumu kwa ajili yangu, na mimi nimewalipa kwa uongo mmoja baada ya mwingine. Mimi ni mtu duni. Naandika hivi nikiwa na akili timamu. Kuanzia leo, kweli tupu, hata ikiniua.

Saa nane mchana. Nimepata wazo.

Shemeji anaondoka saa kumi, safari inaanzia hapa kwetu. Jirani wa nyuma ana mjukuu wa miezi tisa mwenye meno mawili, anayeng'ata kila kitu. Nimemwambia shemeji bawaba inahitaji tone la mafuta kabla ya safari, nusu saa tu. Kaivua bila swali. Mtoto nimempata. Bangili nimeipaka sukari.

Saa tisa kasoro. Mtoto kairamba sukari yote, kanitabasamia, hakung'ata. Kang'ata kidole changu.

Saa tisa na robo. Nimetumia meno yangu. Fedha ni laini kweli. Nimeng'ata mara mbili, mara ya kwanza kwa upande wa mke wangu, mara ya pili kwa upande wa mdogo wake. Alama ni kubwa kidogo kwa watoto wachanga, na moja ina pengo, lakini mama mkwe huwa anapapasa tu, haangalii. Jino langu la mbele linacheza.

Saa tisa na nusu. Mke wangu anaita kutoka sebuleni. Mabegi yako mlangoni na mama yake kaomba kuishika bangili mara ya mwisho. Nakwenda. Nitamwambia kwamba alama sikuzisawazisha hata kidogo, nilikuwa nimezifunika tu kwa muda, ili zisichakae.